AC kwenye Hilux ya 1986 yenye 2L: usianze na kompresa

Mkuu, kwa ulivyoeleza, una Hilux ya 1986 ya kebini moja, injini ya dizeli ya aina ya 2L, haikuja na AC kutoka kiwandani, uko Dar, na fundi kakutafutia kompresa ya Noah anayotaka kuifunga kwa breketi ya kuchomelea. Unauliza kama itawezekana na kama injini haitaanza kuchemsha. Mimi ninayo ya 1985 yenye injini hiyohiyo, nimeifungia AC muda mrefu sasa na inapoza hata kwenye foleni ya barabara ya Mandela saa nane mchana. Nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Hiyo ya Noah achana nayo. Kompresa yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ila puli yake ni ya mkanda mpana wenye mistari, na 2L yako inaendesha mikanda ya V. Fundi atakwambia puli inabadilishwa. Sawa, ibadilishwe, lakini breketi ya kuchomelea bado iko palepale. 2L inatikisika, hasa ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na bapa la chuma lililochomelewa gereji halikai muda mrefu na uzito ule unaoning'inia. Jirani yangu alifungiwa hivyo. Mchomeleo ulipasuka, mkanda ukaruka, na mkanda ukiruka karibu na feni hujui utapitia wapi. Kwake ulikwenda na mpira wa rejeta.

Njia iliyonyooka ipo. 2L ilifungwa pia kwenye Hiace na kwenye Mark II na Crown za dizeli, na nyingi kati ya hizo zilitoka Japani zikiwa na AC. Nenda kwa wauza spea za mtumba, Gerezani au Ilala, ulizia breketi ya AC ya 2L au ya ndugu yake 3L, ile ya chuma cha kusubu, pamoja na kipuli cha kukazia mkanda na puli ya kranki (ile ya chini mbele ya injini) yenye mfereji wa ziada. Vinunue vyote vitatu kwa pamoja, ikiwezekana kutoka injini moja, maana ukichanganya unaweza kukuta mfereji wa kranki na wa kompresa havitazamani. Breketi hiyo inakaa kwenye matundu ya bolti ambayo tayari yapo kwenye injini yako. Ukishafunga, weka rula ndefu ya chuma kutoka puli hadi puli. Mkanda ukienda kombo hata kidogo, utasikia unalia na utaununua tena mapema.

Kompresa ya mtumba ipime kabla hujatoa hela. Zungusha kitovu cha mbele kwa mkono: kinatakiwa kiende laini, kwa ugumu ulio sawa mzunguko mzima. Koili ya klachi ya kompresa (sumaku inayoifanya izungushwe na mkanda) ukiipima kwa mita isome takribani omu 3 hadi 4. Kisha igeuze umwage oili kidogo kwenye karatasi nyeupe. Ikitoka nyeusi au inameta vumbi la chuma, mrudishie mwenyewe, hata akushushie bei vipi. Ukikosa kompresa ya Denso iliyotoka na breketi, kompresa mpya ya Sanden 508 inapatikana na mafundi wengi wanaijua, ila hapo breketi ikachongwe kwa fundi wa mashine, kwa bamba nene na bolti, na siyo kwa kukadiria machoni.

Sasa hilo la kuchemsha, ambalo ndilo kubwa kuliko yote. Wengi wanaogopa AC kwa sababu inakula nguvu ya injini. Nguvu inakula kweli, lakini kinachoua ni joto. Kondensa, yaani rejeta ya gesi ya AC, inakaa mbele ya rejeta ya maji, kwa hiyo hewa inayofika kwenye rejeta tayari imeshapashwa moto. 2L iliyochoka inavumilia kwa sababu haina mzigo huo. Siku unauongeza, udhaifu wote unajitokeza, na silinda hedi ya 2L haina msamaha: ikichemsha mara moja vizuri inaweza kupasuka. Usiguse AC mpaka mfumo wa maji uwe sawa. Rejeta izibuliwe, au ibadilishwe kama matundu yake yamekufa. Feni ya mbele yenye klachi ya mafuta, ukiizungusha kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ya moto, iwe na ukinzani. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi, klachi imekufa. Kava la plastiki linalozunguka feni lirudishwe. Pikapu nyingi za umri huu halipo, fundi fulani alilitoa miaka hiyo akiona linamzuia spana, na bila hilo feni inavuta hewa kutoka pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Na thamostati irudishwe. Najua mafundi wengi hapa mjini wanaitoa wakisema injini itapoa zaidi. Thamostati yenye kidiski cha chini ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta na wakati huohuo inafunga njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta kabisa. Halafu unashangaa gari linachemsha kwenye mlima.

Kondensa nunua mpya, ile ya mifereji myembamba inayokwenda sambamba, kubwa kadiri nafasi ya mbele inavyoruhusu. Usichukue ya zamani yenye paipu moja nene iliyojikunja huku na huku, kwa sababu R134a, gesi ya AC utakayojaza, haipoi vizuri humo. Iache kama sentimita 1 au 2 kutoka kwenye rejeta, na mianya ya pembeni uizibe kwa sponji ili hewa isipate njia nyingine. Mbele yake weka feni ya umeme ya kusukuma, iwake pamoja na klachi ya kompresa. Kwenye barabara ya Bagamoyo ukiwa unatembea huihitaji, lakini ukisimama makutano ya Tazara dakika ishirini ndiyo inayokuokoa.

Baadaye AC ikipoza njiani na kukataa kwenye foleni, usikubali kuongezewa gesi. Funga geji, acha injini kwenye sailensa, mwagia kondensa maji. Presha ya upande wa juu ikishuka haraka na hewa ndani ikawa baridi, gesi haina kosa, hewa haipiti ya kutosha.

Kwa ndani una njia mbili. Ya kwanza ni boksi la kuning'iniza chini ya dashibodi, linauzwa likiwa na evaporeta (ile inayopoza hewa ya ndani), feni na swichi zake. Linafanya kazi, ila kwenye kebini moja linamgonga abiria magoti. Mimi nilikwenda njia ya pili: evaporeta ya Hilux za kizazi hikihiki zilizokuja na AC. Inakaa nyuma ya boksi la glavu, kati ya feni na njia za hewa, mahali ambapo kwako kuna mfereji wa plastiki mtupu. Ukitoa mfereji huo, boksi linaingia na matundu ya dashibodi yanatumika yaleyale. Kupatikana kwake ni kazi, nilisubiri, lakini huwezi kujua kwamba haikuzaliwa nayo. Bomba la kutolea maji literemke moja kwa moja hadi nje. Unyevu wa Dar unatoa maji mengi kuliko unavyofikiri, na yakibaki ndani yatalowesha kapeti na kuozesha sakafu kimyakimya.

Ziba kebini pia. Mpira wa gia uliochanika unaleta joto la gia boksi moja kwa moja miguuni. Matundu ya waya kwenye ukuta wa injini, mipira ya milango, vyote hivyo. Chini ya kapeti nimetandika sponji yenye karatasi ya fedha. Uzuri wa kebini moja ni udogo wake: ukiziba vizuri, AC ndogo inatosha na kubaki.

Umeme. Feni ya ndani ikiwa juu inakula takriban ampea 12, klachi 4, feni ya kondensa 10. Usiku ongeza taa na waipa, alteneta ya zamani inaishiwa pumzi. Kabla hujakimbilia kununua kubwa, angalia mgongoni mwa alteneta yako: pale kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Ukifunga alteneta ya gari la petroli umeondoa msaada wa breki. Tafuta yenye pampu na ampea zaidi, zipo. Klachi na feni kila moja iwe na rilei na fyuzi yake, na swichi ya presha iwe kwenye njia ya klachi. Fundi akikwambia "hii tunairuka tu", mkatalie, hiyo ndiyo inayozima kompresa gesi ikiisha au presha ikipanda kupita kiasi. (Wenye Land Cruiser za volti 24 mnaosoma hapa: koili, feni na rilei zote ziwe za 24.)

Sailensa nayo ipandishwe kidogo AC ikiwaka, kwa kidude cha vakyumu kinachosukuma mkono wa pampu ya dizeli. Yangu iko kati ya mizunguko 850 na 900 kwa dakika.

Gesi sasa. Pikapu za umri wa yako zilizokuja na AC zilitumia gesi ya R12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuiondoa sokoni kwa sababu ya tabaka la ozoni. Ukichukua evaporeta ya zamani kama mimi, isafishwe oili yote ya zamani ndani, oringi zote zibadilishwe ziwe za R134a, oili iwe ile inayotakiwa na kompresa yako, na draya (kichupa kinachokausha unyevu kwenye gesi) iwe mpya. Vifuniko vya draya usivifungue mpaka siku ya kufunga mfumo wote, kwani inanyonya unyevu wa hewani. Mipira iwe ya R134a, ncha zibanwe kwa mashine. Klipu za kukaza na bisibisi zinavuja.

Kupima uvujaji tumia naitrojeni, acha na presha usiku kucha. Oksijeni ya wachomeleaji isiingie kabisa: ikikutana na oili kwenye presha inalipuka. Halafu vuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu dakika 45, funga koki, subiri uone kama geji inapanda. Ndipo ujaze kwa mizani. Yangu ilikula kama gramu 650. Injini ikiwa mizunguko 1,500 na nje nyuzi 32, upande wa chini unasoma psi 30 hadi 40, wa juu 200 hadi 240.

Angalia pia unauziwa nini. Kuna gesi ya propani inayouzwa kama R134a, na hiyo inawaka moto. Mtungi wa R134a halisi ukiwa kivulini kwenye nyuzi 30 unasoma karibu psi 97. Ukisoma mbali sana na hapo, kataa. Ukikaribiana bado si uthibitisho, kwani mchanganyiko wa propani na isobutani unatengenezwa makusudi usome karibu hivyohivyo. Nunua mahali penye risiti na mtungi wenye lakiri.

Nguvu utaisikia imepungua, usidanganywe. Nikipanda mlima Kitonga na mzigo AC naizima mapema pale chini, nawasha tena nikifika juu, ambako kwa baridi ya Iringa mara nyingi hata siihitaji.

Kabla hujamjibu fundi wako, piga picha ya puli ya kranki kwa upande, uiweke hapa. Zipo 2L zilizotoka na mfereji wa ziada hata bila AC, na kama yako ni mojawapo umeshapunguza kitu kimoja kwenye orodha ya kununua.