Kodi ikipunguzwa, tazama mia yako ya mwisho

Kuna wakati nilikataa ovataimu ya miezi mitatu. Mwenzangu kazini aliniambia kwamba nikivuka daraja la kodi, yaani ngazi ya kipato yenye kiwango chake cha kodi, mshahara wote utakatwa kwa kiwango cha juu. Nikaamini. Siku nilipokaa na slipu ya mshahara na kalamu, moyo uliniuma. Kiwango cha juu hukata kile tu kilichovuka mpaka wa daraja. Kilicho chini yake hakiguswi na kiwango hicho. Daraja lililofuata lilikuwa la asilimia 30, kwa hiyo kwa kila mia ya ziada ningebaki na 70. Nilizikataa 70 nikidhani naepuka hasara.

Kwa hiyo ukisikia kodi ya mapato imepunguzwa, usiishie kuuliza imepungua kiasi gani. Uliza: mia ya mwisho ninayoingiza itakatwaje sasa? Wakipandisha kiasi kisichotozwa kodi, mtu wa daraja la kati anapata ahueni ya kila mwezi, lakini mia yake ya ziada inakatwa vilevile kama jana. Hana sababu mpya ya kuongeza saa. Anaweza hata kupunguza, maana mfuko umetulia. Kiwango cha daraja lake kikishuka kutoka 30 hadi 25, hapo ndipo saa ya ziada inapoanza kulipa zaidi.

Na jedwali la kodi peke yake halitoshi. Uingereza, nje ya Scotland, anayevuka pauni 100,000 kwa mwaka hupoteza pauni 1 ya kiasi kisichotozwa kodi kwa kila pauni 2 anazoongeza. Jedwali linasema asilimia 40, ila pauni hiyo iliyopotea nayo hutozwa kodi, hivyo makato halisi hapo ni 60. Wenye kipato kidogo hukutana na jambo hilohilo ruzuku zinapopungua kadiri wanavyopata zaidi.

Wengi wetu tulioajiriwa hatujipangii saa, hivyo punguzo halitubadilishi sana. Anayeyumbishwa zaidi ni yule anayeamua aingie kazini au abaki nyumbani. Mke wangu alipotaka kurudi kazini, tuliandika mshahara wake, tukatoa kodi, nauli na malipo ya mlezi wa mtoto. Siku tano zilimwachia kidogo mno. Siku tatu, ambazo mama yangu angeweza kukaa na mtoto, zilimwachia zaidi. Akaomba tatu.