Ukakamavu wa kauboi ni upi hasa?

Ndugu, umeuliza Wamarekani humaanisha nini wanapomwambia mtu "cowboy up". Wanamwambia ajikaze, ajipanguse vumbi, amalize kazi bila kulalamika. Maneno hayo utayasikia sana kwenye rodeo, yaani mashindano ya kupanda farasi na fahali wakali, ambako mpanda fahali anatakiwa adumu mgongoni sekunde 8 huku ameshika kamba kwa mkono mmoja. Ila roho yake ni ya zamani zaidi. Kuanzia 1867 vijana wachunga ng'ombe, ndio makauboi wenyewe, waliswaga ng'ombe kutoka Texas hadi Abilene, Kansas, wakilala nje, wakilinda kundi usiku kwa zamu, wakivuka mito iliyofurika. Wengi miongoni mwao walikuwa Weusi na Wameksiko, jambo ambalo filamu zimelificha mno. Ugumu ule ulikuwa wa kutomwacha mwenzako na kundi, si kujifanya huumii. Inaniuma mtu akiambiwa hivyo naye kavunjika mfupa au kafiwa. Hata watu wa rodeo walibadilika: mpanda fahali Lane Frost alipouawa na fahali kwenye rodeo ya mji wa Cheyenne, Wyoming, mwaka 1989, rafiki yake Cody Lambert alibuni fulana ya kukinga kifua, na leo wapanda fahali wa kulipwa huivaa.