Watoto Hawatulii Nikiwachora

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Jinja: saluni, kliniki, vibanda vya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai). Nina wana watatu, wa mwisho ana miaka mitatu, na nataka kuwachora kwa rangi nitundike sebuleni. Nikiwakalisha kwenye kigoda, punde si punde wanapigana mateke. Nikiwapiga picha kwa simu kisha ninakili, wanatoka wamekakamaa kama wa kwenye kitambulisho. Nasikia Mfaransa Renoir aliwachora wanawe tangu wakiwa wachanga. Aliwatulizaje?
Baba Watatu, Jinja

JIBU: Baba Watatu, mara nyingi hakuwatuliza. Pierre-Auguste Renoir naye alikuwa na wana watatu: Pierre aliyezaliwa 1885, Jean 1894, na Claude 1901, ambaye nyumbani walimwita Coco. Jean, aliyekuja kuwa mwongozaji wa filamu, alisimulia kwamba baba yake alimtaka atulie kwa dakika chache tu, pale alipokuwa na jambo la kumalizia. Muda mwingine Gabrielle, jamaa ya mama yake aliyekuwa yaya wao, alimsomea hadithi za Andersen, mtunzi wa ngano za watoto. Mtoto akinogewa na hadithi, shingo hulegea yenyewe.

Tafuta kwenye simu yako picha ya Jean akishona, ya mwaka 1900 hivi. Yenyewe iko Chicago. Macho yote yako kwenye sindano, nywele ndefu zimefungwa utepe, na wengi humdhani msichana. Renoir alizipenda nywele zile kwa rangi yake ya dhahabu, akakataa zisikatwe mpaka mtoto alipokwenda shule. Jean mwenyewe hakuzipenda hata kidogo. (Hapa kwetu shule nyingi zingemrudisha getini.)

Safari moja mzee alilazimisha. Mwaka 1909 alimvisha Coco nguo nyekundu za mchekeshaji wa sarakasi, pamoja na soksi ndefu nyeupe. Coco akagoma: zinamchoma. Mama akaleta za hariri, nazo zikamtekenya. Akatishiwa viboko na shule ya bweni, akabembelezwa kwa garimoshi la umeme na sanduku la rangi, mwisho akakubali za pamba kwa kitambo kidogo. Baba akamalizia picha huku ameibana hasira, mtoto anajipindapinda ajikune. Picha hiyo iko Paris, makumbusho ya Orangerie, na inasifiwa sana. Mimi sina mapenzi nayo. Naona mtoto anayengoja kuachiliwa, na nadhani hao ndio unaowapata wewe pale kwenye kigoda.

Basi kigoda kirudishe jikoni. Wakubwa wape karanga wamenye, au maharage wachambue. Mkono unaochambua huenda na kurudi palepale, kwa hiyo usiukimbize; ungoje, utarudi. Anza kwa penseli kwenye daftari, karatasi nyingi, bila kufuta. Rangi zije baadaye, ukishajua kila mmoja anavyoinama.

Na lile kopo jeusi unalotilia vivuli vya herufi liache dukani. Renoir na wenzake walijifunza kuona bluu na zambarau mahali ambapo wengine walipaka weusi. Wakalishe wanao barazani saa kumi jioni uangalie: udongo mwekundu wa uani hurusha rangi yake chini ya kidevu, na kichwa kilichonyolewa huwa na bluu ya mbingu utosini. Rangi ya mabango hukauka inang'aa na haikubali kuchanganywa taratibu kwenye ngozi, kwa hiyo nunua tyubu ndogo za mafuta: nyekundu, njano, bluu, nyeupe. Ubao mdogo unatosha kwa kuanzia.

Huyo wa miaka mitatu mchore akiwa amelala.