Re: Diski kuchakaa nikiwa na miaka 34, ni magunia?

Mkuu, umeuliza kama kubeba magunia ndiko kulikochakaza diski zako (vile vimto laini kati ya pingili za uti wa mgongo). Huenda kumechangia, ila usiyatwishe lawama zote. Utafiti wa mapacha wa Finland ulionyesha kurithi kuna nguvu kuliko kazi nzito. Katikati ya diski ya mtu mzima hakuna mishipa ya damu. Sukari na oksijeni hupenya polepole kutoka kwenye pingili za juu na chini. Njia hiyo ikififia kwa umri (na sigara huongeza), seli hufa, protini zinazoshika maji hupungua, kiini kinasinyaa.

Na hiyo MRI (picha ya ndani ya mgongo) isikutishe: uchambuzi wa 2015 ulikadiria 37% ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu wana diski zilizochakaa. Mguu ukilegea au mkojo ukigoma, hapo kimbilia hospitali.