Kihisi cha Unyevu wa Udongo: Mambo ya Kujua Kabla Hujakizika

Kihisi hakipimi maji. Kinatuma umeme kwenye udongo, kinaangalia udongo unaupokeaje, kisha kinakisia maji. Hilo linawezekana kwa sababu permitiviti (kipimo cha jinsi kitu kinavyoupokea umeme) ya maji ni karibu 80, ya chembe za udongo ni 3 hadi 5, na ya hewa ni 1. Ndiyo maana upenyo mdogo wa hewa kando ya meno ya kihisi unaharibu namba kuliko kasoro nyingi za kiwandani.

Kwa hiyo anza na pete na oveni, upate namba ya kulinganisha na ya kihisi. Chukua pete ya chuma yenye ujazo wa sentimita 100 za mchemraba, iwekee kipande cha mbao juu, ndipo ugonge. Udongo wa ndani ukishuka chini ya ule wa nje, umeushindilia. Tupa, chukua mwingine. Kata mizizi kwa kisu, usiivute. Pima uzito, kausha kwa nyuzi 105 saa 24, pima tena. Tuseme udongo mbichi bila pete ni gramu 168, mkavu 132. Maji ni gramu 36. Ukigawanya 36 kwa 132 unapata 0.27, na hapo ndipo wengi wanapoanza kukilaumu kihisi kinachosema 0.36. Kihisi kinasema ujazo wa maji kwa ujazo wa udongo: 36 kwa 100. Kiko sawa.

Pete hiyohiyo imekupa msongamano, gramu 1.32 kwa sentimita moja ya mchemraba. Ugawe kwa 2.65, msongamano wa kawaida wa chembe zenyewe: karibu nusu ya udongo ni chembe, nusu nyingine ni nafasi tupu. Basi kihisi kikikuandikia 0.58 mahali hapo, usitafute maelezo ya kisayansi, namba haiwezekani.

Mlinganyo wa Topp wa 1980, unaogeuza permitiviti kuwa kiasi cha maji, ni pa kuanzia tu. Udongo wa volkano wa Kisoro, Uganda, ni mwepesi, na mlinganyo huo huonyesha maji machache kuliko yaliyomo. Udongo mwekundu wenye chuma kuzunguka Ziwa Victoria nao una tabia zake. Tengeneza mlinganyo wako: ndoo iliyotiwa mstari wa lita 5, na udongo uliochekechwa, wenye kilo 6.6 (1.32 mara 5) ukihesabiwa mkavu wa oveni. Kila awamu ongeza mililita 250 za maji, yaani 0.05 ya ujazo. Changanya, funika kwa kavera (mfuko wa plastiki) usiku kucha, asubuhi shindilia mpaka mstari uleule, soma kihisi mara tatu, chukua sampuli ya oveni. Ukifika tope, simama.

Shambani, chimba shimo na uingize kihisi kwa ulalo kwenye ukuta ambao jembe halijaugusa. Usikigonge kwa nyundo wala kukitikisatikisa. Meno yakipanuka yanaacha upenyo. Kiangazi upenyo huo husoma ukame, mvua ikinyesha unageuka mfereji na kusoma mafuriko. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Karamoja hupasuka wenyewe, kwa hiyo huko kagua kila msimu. Ukikuta changarawe ya marram, hamisha shimo. Rudisha udongo kwa tabaka ulivyotoka, na waya ushuke kwanza kabla ya kupanda kwenye kinasadata (kifaa kinachohifadhi namba za kihisi), maji yasiufuate. Waya wote upite ndani ya bomba la plastiki: mchwa na panya hawana subira.

Tenshomita, bomba la maji linalopima udongo unavyoyavuta maji kwa nguvu, ina mtego wake. Inategemea shinikizo la hewa, na hewa hupungua takriban kilopaskali 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabale, karibu na mita 2,000, itaingiza mapovu mapema kuliko kitabu cha maelezo kinavyoahidi. Namba ikirudi sifuri ghafla kwenye jua kali, haijanyesha. Safu ya maji imekatika. Ijaze maji yaliyochemshwa na kupoa.

Kwenye kupima kasi ya maji kuzama, pete mbili za kipenyo cha sentimita 30 na 60, moja ndani ya nyingine, zinatosha. Tumia maji safi, kwani ya tope huziba matundu. Shimo moja la mchwa linaweza kuzidisha jibu mara kumi, kwa hiyo pima sehemu kadhaa.

Na saa. Baadhi ya vinasadata hutoka vikiwa kwenye saa za UTC (saa za kimataifa), nyuma yetu kwa saa 3. Ukiandika kwenye daftari "saa saba mchana", ni 13:00 ya hapa na 10:00 ya mashine. Andika 13:00, na upande wa pili wa ukurasa andika mashine ilisoma saa ngapi.