Mbale mbili ndani ya HashSet moja

Ndugu, unauliza kwa nini HashSet yako ya vituo vya basi (mkusanyiko wa Java usiokubali kitu kimoja mara mbili) inabeba "Mbale" mara mbili. Haina kosa. Inategemea hashCode (namba inayokokotolewa kutoka kwenye kitu) na equals (inayopima kama vitu viwili ni sawa), na kwa equals "Mbale", "mbale" na "Mbale " yenye nafasi mwishoni ni maneno matatu tofauti. Safisha kabla ya kuingiza, yaani ondoa nafasi za pembeni (strip) na geuza herufi zote ziwe ndogo (toLowerCase; Locale.ROOT ni ili lugha ya kompyuta isibadilishe matokeo):

vituo.add(jina.strip().toLowerCase(Locale.ROOT));

strip ilikuja na Java 11. Kama yako ni ya zamani, tumia trim.

Halafu ile == unayolinganishia majina kwenye if yako, iondoe leo, weka equals. Hiyo == inauliza kama ni kitu kilekile kwenye memori, si kama maandishi yanafanana. Ubaya wake, ukijaribu na maneno uliyoandika mwenyewe ndani ya kodi inakubali, kwa kuwa Java huyatunza pamoja. Yakitoka kwenye faili inakukana. Mimi ilinikesha usiku mzima hapa Jinja.