Nywele zilinyonyoka mwezi wa nne, lakini kosa lilikuwa la mwezi wa kwanza

Dada yangu, umeuliza kama kuna namna ya kuzuia nywele zisinyonyoke kwa mtu anayetumia sindano ya kupunguza uzito, kwa kuwa wiki iliyopita umeandikiwa semaglutaidi hapo Iringa na msusi wako amekutisha kwamba utabaki na kipara. Umeuliza pia kama ni bora unyoe kabisa kabla hayajakukuta. Mimi nimetumia sindano hiyo kwa mwaka mmoja na miezi miwili nikiwa hapa Mbeya. Nywele zangu zilinyonyoka, zikarudi, na baadaye nikamsimamia mdogo wangu aliyeko Mafinga alipoanza dawa yake. Kuzuia kabisa hakuna anayeweza kukuahidi. Kupunguza kunawezekana, ila kazi yake inafanyika katika wiki hizi za mwanzo, wakati kichwa bado kina nywele zote na mwenyewe huna wasiwasi wowote.

Nilianza mwezi wa kwanza nikiwa na kilo 98, na hadi mwanzoni mwa mwezi wa nne nilikuwa nimepungua kilo 14. Watu walinisifu, nami nikalewa sifa. Dawa hii huchelewesha chakula tumboni na kuondoa hamu ya kula, hivyo zilipita siku ambazo nilikunywa chai ya rangi asubuhi, nikala nusu parachichi mchana, na jioni nikamega ugali mara tatu kwa mchuzi wa mboga nikasukuma sahani. Sikuona tatizo, kwa sababu njaa yenyewe sikuisikia.

Kisha Jumamosi moja nikawa nafumua rasta nilizokaa nazo wiki nne, na nywele zikajaa mapajani mpaka nikaacha kufumua nikakaa kimya. Hapa nikupe tahadhari ambayo ningependa mtu angenipa mimi. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, na anayesuka hazioni zikianguka kwa sababu zinabaki zimeshikwa ndani ya msuko. Wiki nne ni siku 28, kwa hiyo hata mtu asiyetumia dawa yoyote anaweza kufumua akakuta nywele 1,400 hadi 2,800 zimetoka kwa mkupuo. Usihukumu kwa siku ya kufumua. Kwangu mimi kilichothibitisha tatizo ni kwamba wiki mbili baada ya kufumua, nikiwa nimeziacha bila kusuka, ziliendelea kutoka kila nilipopitisha chanuo, zikaziba hadi tundu la maji bafuni.

Jambo la pili la kuangalia ni unywele wenyewe. Uchukue mmoja, usimame nao dirishani. Ukiwa na kidoti cheupe mwishoni, kama kichwa cha pini, basi umenyonyoka kutoka kwenye mzizi. Usipokuwa na kidoti hicho na ukawa mfupi kuliko wenzake, umekatika njiani, na hapo lawama inaelekea kwenye dawa ya kulainisha, moto wa pasi au ukavu, wala si sindano. Watu wengi husema nywele zinakatika wakati zinanyonyoka, na kinyume chake, halafu wanatibu kisichoumwa. Zangu zilikuwa na kidoti cheupe karibu zote.

Daktari wa ngozi alishika fungu dogo la nywele, kama 60 hivi, kwa vidole viwili, akavuta taratibu, zikabaki tisa mkononi mwake. Akanieleza kwamba kila unywele una zamu zake: hukua kwa miaka kadhaa, hupita kipindi kifupi cha mpito cha wiki mbili au tatu, kisha hupumzika kwa takriban miezi mitatu kabla ya kudondoka na kupisha mwingine. Mwili unapopata mshtuko, kama vile homa kali, kujifungua, upasuaji, au kupungua uzito kwa kasi huku chakula kikiwa kidogo, nywele nyingi zilizokuwa zinakua husukumwa zote pamoja kwenye zamu ya kupumzika. Miezi miwili hadi mitatu baadaye zinadondoka pamoja. Kwa hiyo nilichokiona mwezi wa nne kilikuwa kimeanza nilipokuwa nikisukuma sahani mwezi wa kwanza, na hakuna mafuta ambayo ningepaka mwezi wa nne yakarudisha kalenda nyuma.

Tukio hili huwapata pia waliopasuliwa tumbo ili kupunguza uzito na wanaojinyima chakula bila dawa yoyote, ndiyo maana maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kinachoangusha nywele ni kasi ya kupungua na uhaba wa lishe kuliko sumu fulani iliyomo kwenye sindano. Katika majaribio yaliyowasilishwa kwa ajili ya Wegovy, ambayo ni semaglutaidi ya kupunguza uzito iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, watu wazima 3 kati ya 100 waliripoti kupoteza nywele, dhidi ya 1 kati ya 100 waliopewa sindano isiyo na dawa. Kwa tirzepatidi, ambayo ni sindano nyingine ya kupunguza uzito, wanawake walioripoti walikuwa asilimia 7.1 na wanaume asilimia 0.5. Msusi wako, kwa hiyo, amezidisha chumvi.

Sasa niseme ningefanya nini kama ningeanza upya, na ndicho nilichomfanyisha mdogo wangu.

Kubwa kuliko yote ni protini, kwa sababu unywele wenyewe umejengwa kwa protini na mwili ukipungukiwa hulisha kwanza moyo na viungo vingine vya lazima. Mtaalamu wa lishe alinipangia gramu 80 kwa siku kulingana na uzito wangu. Wewe upangiwe chako, hasa kama figo zina shida. Gramu 80 zinaonekana nyingi hadi uziweke mezani. Mayai mawili ya kuchemsha yana kama 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Robo lita ya mtindi ina 8. Nyama ya kuku isiyo na mfupa ya gramu 100 ina kama 27, na gramu 30 za dagaa wakavu zina kama 18. Jumla ni 80, na hakuna hata kimoja cha kuagiza kutoka nje. Maharage ya huku kwetu hayana haja ya kusifiwa, na dagaa wa Ziwa Nyasa, usipa, wanapanda kutoka Kyela hadi sokoni Mbeya mwaka mzima. Shida ni kuvimeza. Mimi nilijidunga Ijumaa jioni, na Jumamosi na Jumapili kichefuchefu hakikuniruhusu hata kunusa kuku. Suluhisho nililolipata kwa kuchelewa ni dagaa waliokaushwa vizuri, wakatolewa vichwa, wakasagwa laini kabisa, kisha kijiko kimoja kikakorogwa kwenye uji wakati bado uko jikoni. Harufu inapungua ukikamulia limau. Siku hizo mbili niliishi kwa uji huo, mtindi na mayai, na siku zilizobaki nikala mboga na nyama kwanza, ugali mwisho, ili tumbo likijaa liwe limejaa kinachohitajika.

La pili ni madini ya chuma. Omba upimwe damu kabla hujafika mbali, na usiridhike na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, peke yake. Uliza pia feritini, ambayo inaonyesha akiba ya chuma mwilini. Hemoglobini yangu ilikuwa ya kuridhisha, lakini feritini ilikuwa 11, na kwa mtu mzima chini ya 15 ni upungufu. Nina hedhi nzito, nyama nilikuwa siigusi, na chai ya rangi nilikunywa pamoja na chakula, jambo ambalo huzuia chuma kufyonzwa. Nilipewa vidonge vya kumeza siku moja na kuruka moja, kwa chungwa, mbali na chai. Usivianze bila kipimo. Chuma kikizidi kina madhara yake, na vidonge hivyo hufunga choo, ambacho sindano nayo inakifunga. Wakichukua damu, waangalie na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kwa kuwa ikifanya kazi kwa ulegevu nayo hunyonyoa nywele.

La tatu ni kasi. Kwa utaratibu wa kawaida dozi ya Wegovy huanzia miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa kila baada ya wiki nne hadi kufikia 2.4. Kama unapungua zaidi ya kilo moja kila wiki na chakula hakipiti, mwambie daktari wako, naye anaweza kukuacha kwenye dozi ndogo kwa muda mrefu zaidi. Usiikate wala kuiruka mwenyewe kwa hasira ya nywele.

Kuhusu bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, nitakuwa mfupi. Muuzaji wa duka moja la dawa aliniuzia chupa kubwa pamoja na mafuta ya kuotesha, kwa bei ya kuku wawili. Bayotini husaidia mwenye upungufu wake, ambao ni nadra, na dozi kubwa zinaweza kupotosha majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya thairoidi. Ningekula wale kuku.

Kwenye kichwa chenyewe, usizidishe mzigo. Rasta nzito na misuko inayovuta kingo za paji la uso ina ugonjwa wake wa kung'oa nywele, na huo usipoachwa mapema hauponi. Suka mafungu mapana yasiyobana au zifunge tu. Kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba najua hutavua kofia ya sufu. Ishonee kitambaa cha satini ndani ili isisugue.

Mdogo wangu alianza akiwa amepima, akala kwa mpango huo, akapungua kilo 9 katika miezi minne. Nywele zilimtoka kidogo mwezi wa tano, kiasi cha kuonekana kwenye kitana tu. Mtu mmoja si utafiti, na pengine zisingemtoka hata hivyo. Zangu zilipungua kudondoka mwezi wa tisa, na nikaanza kuona nywele changa zimesimama kwenye paji la uso kama majani yaliyochipua baada ya kuchomwa.

Usisubiri, bali uende kwa daktari, kama zinatoka kwa viraka vya mviringo, kama ngozi inawasha, inauma au ina makovu, au kama miezi sita imepita na bado zinadondoka. Huenda akafikiria minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Mwambie kama una ujauzito au unanyonyesha.

Kuhusu kunyoa: mzizi uko chini ya ngozi na wembe haufiki huko, kwa hiyo haizuii wala haiharakishi chochote. Mimi sikunyoa. Nilizipunguza zikabaki za vidole vitatu, na kila tarehe mosi nikapiga picha ya utosi dirishani, saa nne asubuhi, ili nisidanganywe na kioo. Piga ya kwanza kabla ya sindano yako ijayo.